Asilimia tano: tunavyojidanganya na urefu wa waya

Ndugu wahitimu wenzangu, na nyinyi mliobaki kwenye mabenchi ya chuo, leo nataka kukosoa kitu ambacho wengi wetu tunakipenda. Nakosoa programu za kompyuta za kuchora mafungu ya nyaya, hasa namna zinavyotupa urefu wa kila waya. Na sisi wenyewe sitatuacha, kwa sababu programu haikati waya. Anayeshika koleo ni mtu mwenye diploma.

Kwa wasiosoma umeme: ukifungua dashibodi ya gari lolote utakuta nyaya nyingi zimefungwa pamoja kwa utepe mweusi, zinaelekea kwenye taa, honi, injini na milango. Hilo ndilo fungu la nyaya. Mafundi wetu wa Uvira wanasema tu kablaji. Zamani lilichorwa kwa mkono. Leo kuna programu za kulipia, kama EPLAN Harness proD, na za bure, kama WireViz, ambayo mwanafunzi yeyote mwenye intaneti anaweza kuipata. Ukiziweka zote mezani, swali la mwisho ni moja: huu waya nikate urefu gani?

Swali linaonekana dogo. Mimi pia niliona hivyo, mpaka liliponiaibisha.

Mwaka 2024, ziwa Tanganyika lilipopanda na kuingia ndani ya nyumba za watu huku Kalundu na Kavimvira, kuna Hiace moja ilikaa siku kadhaa ndani ya maji. Mwenye gari ni mama anayebeba wachuuzi na mizigo yao kwenye barabara ya Bukavu. Maji yalipotoka, gari iliwaka, lakini umeme wake ulikuwa kichaa. Ukiwasha taa ya kulia, honi inalia. Viunganishi vyote vya chini vilikuwa vimeota kutu ya kijani. Mama alitafuta watu wa kubadilisha nyaya zote za upande wa nyuma, na sisi vijana watatu tukasema tunaweza. Tulikuwa na kompyuta, tulikuwa na programu, na tulikuwa na ile hamu ya kuonyesha kwamba kusoma si bure.

Tulipima gari kwa futi ya chuma, tukaingiza vipimo, tukachora njia ya nyaya. Programu ikatoa orodha: nyaya 38, kila moja na rangi yake, unene wake na urefu wake mpaka milimita ya mwisho. Ule mrefu zaidi, kutoka kwenye boksi la fyuzi mpaka taa ya nyuma, ulikuwa milimita 4,200 kwenye mchoro. Kulikuwa na kisanduku cha kujaza nyongeza kwa asilimia. Tukaandika 5, kwa sababu ndivyo tulivyozoea chuoni. Programu ikasema 4,410. Tukakata zote 38 siku hiyo hiyo, tukazisokota, tukazifunga utepe. Fungu lilipendeza kabisa, tukapiga hata picha.

Bon, siku ya kuliweka ndani ya gari, halikufika. Lilipungua shubiri na kidogo. Waya mpya hatukuwa na pesa ya kununua, basi tukaunga vipande vya nyongeza karibu na mlango wa nyuma, mahali ambapo nyaya zinakunjwa kila mlango unapofunguliwa. Wiki chache baadaye viungo vile vililegea. Gari lilikuwa kwenye bonde la Ruzizi, jua linazama, taa zote za nyuma zikazimika, na nyuma yake malori yanakuja. Dereva alisukuma gari pembeni, akawasha tochi ya simu. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Lakini mama aliporudi alituambia maneno ambayo sijayasahau: "Mulinipatia karatasi nzuri sana. Lakini miye nilitaka taa."

Basi nikarudi kwenye namba, kuuliza zile milimita zilikwenda wapi. Hapo ndipo ukosoaji wangu unapoanzia.

Kwanza tuelewe programu inafanya nini. Inachukua mchoro wako kama mtandao wa njia: huku kuna kituo, huku kingine, na kati yao kuna kipande chenye urefu fulani. Waya ukitoka kiunganishi A kwenda kiunganishi B, programu hutafuta njia, mara nyingi ile iliyo fupi, inajumlisha urefu wa vipande, kisha inaongeza nyongeza uliyoiruhusu. Kazi hiyo inaifanya vizuri kuliko mimi na wewe. Ukisogeza kituo kimoja, nyaya zote zinazopita pale zinabadilika mara moja. Inakupa unene wa fungu, inakupa uzito. Sikatai uzuri huo hata kidogo.

Lakini angalia imepima nini. Imepima mstari uliouchora. Ule wetu wa milimita 4,200 ulikuwa mstari wa katikati ya fungu, umenyooka, hauna uzito, hauna mahali pa kushikwa. Waya halisi ulihitaji vitu vinne ambavyo mstari ule haukuwa navyo.

Cha kwanza ni msokoto. Tulisokota nyaya ili fungu liwe la mviringo na lisitawanyike. Waya wetu ulizunguka kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 12, na kila milimita 120 ulimaliza mzunguko mmoja. Hapa inatosha Pythagoras wa sekondari. Kunjua mzunguko mmoja uwe pembetatu: upande mmoja 120, upande wa pili mzingo wa duara, yaani kama 37.7. Upande mrefu unatoka kama 125.8. Kila mzunguko unakula milimita 5.8 zaidi. Ndani ya 4,200 kuna mizunguko 35. Jumla milimita 203. Yaani msokoto peke yake ulikaribia kumaliza asilimia tano yetu yote, ambayo ilikuwa milimita 210.

Cha pili ni njia. Kwenye mchoro tulipita moja kwa moja juu ya tao la gurudumu. Kwenye gari, tundu lenye mpira wa kupitishia nyaya liko milimita 60 chini ya mstari wetu. Waya ulibidi ushuke na kupanda tena. Hesabu 120.

Cha tatu ni miisho. Kila mwisho unahitaji sehemu ya kumenya ganda, sehemu ya kuingia ndani ya kiunganishi, na akiba ili fundi wa kesho akikata kichwa kilichooza aweze kuweka kingine. Tuweke milimita 50 kila upande, inakuwa 100.

Cha nne ni kulegea kati ya vibanio. Huku wengi wanadhani ndiko waya unakopotelea, kumbe sivyo. Vibanio vikiwa kila milimita 300, na waya ukining'inia milimita 15 katikati, kila nafasi inakula milimita 2 tu. Nafasi 14, jumla 28.

Sasa jumlisha: 4,200 na 203 na 120 na 100 na 28. Inatoka 4,651. Sisi tulikata 4,410. Pengo ni milimita 241. Shubiri na kidogo, kama ilivyokuwa.

Mtu atasema: basi mngeandika asilimia 11 badala ya 5, mambo yangekwisha. Hapana. Ndani ya fungu lile lile kulikuwa na waya mfupi wa dashibodini wa milimita 400. Miisho yake miwili inadai milimita 100 kama miisho ya yule mrefu, kwa sababu kiunganishi hakijui waya umetoka mbali au karibu. Kwa huo mfupi ungehitaji asilimia 25. Haya, weka 25 kwa zote: ule mrefu utakuwa 5,250, karibu milimita 600 zaidi ya unachohitaji. Waya huo wa ziada utaukunja wapi? Utaubana nyuma ya dashibodi, utasuguana na chuma kila barabara inapotikisa gari, na siku moja ganda litatoboka. Na tusisahau kwamba waya tunaununua kwa mita. Shaba inatoka Katanga ikiwa jiwe, inazunguka dunia, inarudi Uvira kwa bei ambayo kila mmoja wetu anaijua.

Kwa hiyo kosa letu halikuwa namba 5. Kosa lilikuwa kutumia asilimia kwa vitu ambavyo haviongezeki na urefu. Msokoto na kulegea vinaongezeka kadiri waya unavyorefuka: hivyo vinastahili asilimia. Miisho haiongezeki: hiyo ni namba maalum kwa kila kiunganishi. Mzunguko wa kukwepa chuma nao hauna kanuni: huo unapimwa kwenye gari.

Hapa ndipo ninapoilaumu programu. Nyingi zina sehemu ya kuweka nyongeza ya kila mwisho, ukitafuta. Lakini ile tuliyotumia sisi iliweka kisanduku cha asilimia mbele ya macho, na ya miisho ikaificha ndani sana. Mbaya zaidi ni orodha ya kukata. Iliandika 4,410 kana kwamba mtu alikwenda akapima milimita ya mwisho. Haikuonyesha kwamba 4,200 zilitoka kwenye mchoro na 210 zilitoka hewani. Kipimo na kisio viliandikwa kwa wino mmoja, katika namba moja. Mtu anayekata hawezi kujua lipi ni lipi. Kwangu mimi hicho ni kilema kikubwa kuliko hesabu yoyote mbaya, kwa sababu hesabu mbaya inaweza kukaguliwa, lakini kisio kilichovaa nguo za kipimo hakuna anayekisimamisha.

Kwa upande huo naisifu WireViz, ingawa ni ndogo. Yenyewe haihesabu njia yoyote. Unaandika kwa maneno kwamba kuna kiunganishi hiki, waya huu, urefu huu, nayo inakuchorea mchoro safi na orodha ya vifaa. Urefu unauleta wewe. Wengine wataona ni udhaifu. Mimi naona ni uaminifu: inakukumbusha kwamba kupima ni kazi yako.

Msidhani kwamba haya ni matatizo ya vijana wa Uvira wasio na pesa. Ndege kubwa ya Airbus A380 ina nyaya za kilomita 530 hivi, vipande kama laki moja. Sehemu za mwili wake zilitengenezwa Hamburg, Ujerumani, zikaunganishwa Toulouse, Ufaransa. Mwaka 2006 ikajulikana kwamba nyaya zilizokuja zimefungwa tayari hazifiki zinapotakiwa. Moja ya sababu ni kwamba wahandisi wa Ujerumani na wa Ufaransa walitumia matoleo mawili tofauti ya programu ile ile, CATIA: huku toleo la 4, kule la 5. Juu ya hilo, sehemu ya nyaya zilikuwa za alumini, ambazo haziwezi kukunjwa kona kali kama za shaba, na kanuni hizo za kukunja hazikuhama vizuri kutoka toleo moja kwenda jingine. Kona ni jambo kubwa: katika fungu lisilosokotwa lenye kipenyo cha milimita 20, waya wa pembeni kwa nje unatembea kama milimita 16 zaidi ya mstari wa katikati kila kona ya nyuzi 90. Ndege nzima ina kona ngapi?

Wakubwa wawili, wa Airbus na wa kampuni mama yake EADS, walijiuzulu Julai 2006, na ndege ya kwanza ilikabidhiwa Singapore Airlines Oktoba 2007, baada ya kucheleweshwa mara kadhaa. Wale walikuwa na kila programu ambayo pesa inaweza kununua. Kilichowashinda kinafanana na kilichotushinda: mstari wa kwenye kioo ulichukuliwa kuwa ndio waya.

Sasa niseme habari ya Mzee. Karibu na tulipofanyia kazi kuna fundi wa siku nyingi ambaye hana diploma. Siku tulipokuwa tunapima na futi na kukimbilia kompyuta, alitutazama, akasema: "Mutoto yangu, unaangalia nini mu masini? Gari njo hii hapa inje." Tulicheka. Baada ya kushindwa nilirudi kwake kwa adabu, nikamuuliza yeye anafanyaje. Akachukua kamba, akaifunga kwenye boksi la fyuzi, akaipitisha kila tundu ambamo waya utapita, chini ya zulia, kando ya tao la gurudumu, mpaka kwenye taa. Akatia fundo. Halafu akaongeza kiganja kimoja kila mwisho. Kiganja, si asilimia. Kabla ya kukata akaongeza tena kidogo, "kwa sababu ukisokota inarudi nyuma." Mzee hakutaja Pythagoras, lakini anamjua.

Lakini nisiwe mnafiki, maana siku hizi tumezoea kusifu wazee na kuishia hapo. Kamba ya Mzee nayo ina makosa yake. Kamba ya nailoni inavutika. Ukiivuta kwa nguvu inakudanganya. Kamba haiandiki. Ikija Hiace nyingine ya aina ile ile kesho, Mzee anaanza upya kwenye fundo la kwanza. Akiugua, elimu yote imelala naye. Nyaya zake hazina namba, kwa hiyo fundi mwingine akifungua utepe lazima abahatishe rangi. Na kwa nyaya 38 kamba inachosha. Wa ishirini utaukata kwa macho. Yote hayo programu inayaweza.

Hukumu yangu basi ni hii. Urefu wa njia utoke kwenye kamba, kipande kwa kipande, kituo kwa kituo, siyo waya mzima kwa waya mzima. Vipande vile viingizwe kwenye programu kama vipimo vilivyoandikwa tarehe na jina la aliyepima. Msokoto uhesabiwe, usikisiwe. Kila kiunganishi kipewe nyongeza yake. Kisha programu ifanye kile inachojua: kujumlisha, kupanga, kuchapa orodha. Na kama orodha yake haitenganishi kipimo na nyongeza, tengeneza jedwali lako lenye safu mbili. Dakika 10 tu. Hiace ya mama tuliirudia kwa namna hiyo, kwa pesa zetu wenyewe. Njia yote ilitoka vipande 9 vya kamba. Fungu la pili lilifika, na akiba ilibaki pale tulipotaka ibaki.

Na wale wanaosema "mimi ni wa sola, mafungu ya magari hayanihusu", naomba wasiondoke. Tembea Mulongwe au Kasenga, tazama paa zilizojaa paneli. Kijana anapima kutoka paneli mpaka betri, mita 12, anaingiza 12 kwenye kikokotoo cha simu. Mfumo ni wa volti 12, mkondo ampea 10, waya wa milimita mraba 4. Kikokotoo kikichukua ile 12 kama urefu wote wa waya, kinamwambia atapoteza kama volti 0.5. Anafurahi. Lakini umeme unakwenda na unarudi: waya ni mita 24, na upotevu ni kama volti 1.05, karibu asilimia 9. Baadaye betri haijai, mteja anaambiwa betri ni mbaya, ananunua nyingine. Vikokotoo vingine vinazidisha mara mbili vyenyewe, vingine vinakuachia wewe, na wachache wetu tunasoma lile andiko dogo linaloeleza. Ni ugonjwa ule ule: namba imetoka kwenye kioo, basi ni kweli.

Kwa walimu wetu nina ombi moja tu. Mtihani wa programu usiishie kwenye mchoro uliochapwa. Mpeni mwanafunzi mchoro, koleo na gari bovu, akate waya mmoja tu mrefu kwa hesabu yake, auweke. Ukifika, apewe alama. Usipofika, aeleze milimita zilikwenda wapi.

Kwa nyinyi wenzangu: kabla hujakata, nenda ukaguse mahali waya utakapoishia. Mwenye hesabu tofauti na yangu ailete, lakini alete na kipimo chake, siyo asilimia.